Leza Ndani ya Friji

Tajiri hakuwa mtu wa kukanyaga nyumba za wafanyakazi wake. Kwa hiyo siku alipopiga hodi kwa Mama Maua, tena akavua viatu mlangoni bila kuombwa, Robo Tatu alijua kuna mtu anakwenda kuibiwa.

Robo Tatu ndiye binti wa nyumba. Jina alipewa na mtaa, aliporudi kutoka chuo kikuu na miaka mitatu ya uhandisi katika ile minne inayotakiwa. Kisa chenyewe kilikuwa kengele. Aliiunganisha kengele ya chuo na swichi ndogo chini ya kiti cha mhadhiri, ikawa kila mhadhiri akiketi, kipindi kinaisha. Na mhadhiri mwenyewe alikuwa na magoti mabovu, hawezi kusimama sana. Wanafunzi wakaenda nyumbani mapema mpaka wakaanza kuona haya. Chuo kikasema, andika barua ya kuomba radhi, urudi darasani. Robo Tatu akasema kengele ilifanya kazi vizuri kuliko zote alizowahi kuziona, sasa aombe radhi ya nini. Mpaka leo chuo kinasubiri barua, na yeye anasubiri chuo kichoke. Huku nyuma anatengeneza pasi na simu za watu pale pale sebuleni.

Basi Tajiri akakaa, akasifia mapazia, akakohoa kidogo. Mama Maua alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mikono kaificha chini ya aproni.

"Dada yangu," Tajiri akaanza, "Jumamosi tunazindua mashine. Wageni watakuwepo, wanunuzi wakubwa wa viatu watakuwepo. Nikasema haiwezekani Mama Maua asiwepo."

"Si uliniambia nipumzike?"

"Umepumzika vya kutosha, si ndiyo? Nataka usimame mbele ya watu useme maneno mawili matatu tu. Kwamba haya maua umeyaacha kiwandani kwa moyo mkunjufu, sasa ni mali ya kiwanda. Halafu Jumatatu unarudi kazini."

"Kukata?"

Tajiri akaangalia tena mapazia. "Kufunga. Kuweka viatu kwenye maboksi. Kazi ya kukaa kitini, haina presha."

Lazima ijulikane Mama Maua ni nani. Sandali za kiwanda kile zilikuwa kama sandali nyingine zozote, soli na mikanda. Watu walizinunua kwa sababu ya ua lililokatwa kwenye ngozi ya juu, na ua lile lilitoka kwenye kisu cha mwanamke huyu tangu Robo Tatu hajaota meno. Mikono ilipoanza kutetemeka, Tajiri akaenda kununua mashine ya leza. Maua yote yakapigwa picha, moja moja, yakaingizwa kwenye kompyuta. Kisha mwenyewe akaambiwa apumzike, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Sasa Robo Tatu alisubiri jibu. Mama yake alikuwa na ulimi ambao haukuwahi kupanga foleni. Aliwahi kumjibu daktari kabla daktari hajamaliza swali. Robo Tatu akasogea karibu asikose kitu.

"Nitafikiria," Mama Maua akasema.

Tajiri akashukuru, akavaa viatu vyake, akaondoka kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

"Mama, 'nitafikiria' ndiyo nini?"

"Ni neno. Limo kwenye lugha."

"Unakwenda kumpa maua yako?"

"Keshayachukua. Mwizi akishafika kwake na kuku wako, ukipiga kelele unajitafutia kiu tu."

"Akiyachukua ameiba. Ukisimama pale ukasema, umempa. Haviko sawa."

Mama Maua akatoa mikono chini ya aproni, akaiweka mezani. Ilitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. "Haya, tazama. Hii itakata nini? Itanikata mimi. Huko kwenye maboksi angalau nitanusa ngozi. Wewe unajua nyumba hii inanuka nini tangu nikae? Inanuka sabuni. Nimekuwa mtu wa sabuni."

Robo Tatu akaitazama ile mikono mpaka mama yake akairudisha chini ya aproni.

"Basi nitakutengenezea mashine," akasema.

"Mashine imenitoa kazini, na wewe unaniletea nyingine nyumbani. Wewe ni mwanangu au ni tawi la kiwanda?"

"Ile kainunua yeye, inamsikiliza yeye. Hii itakuwa yako, utaitukana utakavyo."

"Nenda kwanza ukamalize pasi ya jirani," mama akasema. Lakini hakusema usitengeneze, na kwa mama yule hiyo ilikuwa ruhusa.

Leza si uchawi. Ni mwanga uliobanwa mpaka ukawa kisu. Kazi ni kuupata huo mwanga, kisha kuupatia mkono wa kuutembeza. Mashine kama ya Tajiri bei yake ukiisikia unatafuta pa kukaa, kwa hiyo Robo Tatu hakutaka hata kuisikia. Akaenda kwa Fundi Moshi.

Fundi Moshi alikuwa mtengeneza redio, na jina lake lilitokana na ukweli kwamba kila anachokitengeneza hutoa moshi kwanza ndipo kipone. Kibanda chake kilikuwa makaburi ya mashine: printa, fotokopi, televisheni zenye migongo, vyote vimepangwa mpaka darini, na njia nyembamba katikati ya kupita mtu mmoja aliye na njaa.

"Unataka leza ya kukata ngozi," Fundi Moshi akarudia.

"Ndiyo."

"Kwa pesa zipi?"

"Kwa zile nilizokosa."

"Hizo hata mimi ninazo nyingi. Ingia ndani, injinia, ila usiegemee kitu."

Wakapatana. Robo Tatu atamtengenezea simu zote ambazo wateja walizitelekeza pale, naye atachukua chochote kilichokufa. Akachukua printa mbili. Ndani ya printa kuna kichwa kinachokwenda kushoto na kulia juu ya chuma laini, kikivutwa na mkanda na mota. Ukipandisha printa moja juu ya nyingine, moja ikaenda kushoto na kulia, nyingine ikaenda mbele na nyuma, una mkono unaofika kila kona ya meza. Mwanga wenyewe akautoa kwenye projekta iliyotupwa na ukumbi wa mikutano. Projekta ile ilikuwa imemulika hotuba maisha yake yote, na Fundi Moshi alisema ndizo zilizoiua.

Kitu kimoja tu Robo Tatu alinunua kipya, miwani ya kuzuia mwanga wa leza, jozi mbili. Fundi Moshi akaona ni anasa. "Si tukodoe tu kidogo?"

"Kaka, kila kitu humu kina spea. Jicho lako lina spea?"

Fundi Moshi akavaa miwani.

Likabaki sanduku. Leza inataka sanduku lenye mfuniko, mwanga usitoke kupofusha watu, na moshi uwe na njia yake. Nyumbani kulikuwa na friji lililokufa ambalo mama alilifanya kabati la sahani. Robo Tatu akatoa sahani, akalilaza friji chali sebuleni, mlango ukawa mfuniko. Akatoboa ubavuni, akapitisha bomba mpaka dirishani, akaweka feni ya kompyuta ya kuvuta moshi. Ile swichi ya mlangoni, inayowasha taa ukifungua friji, akaigeuza kazi: ukifungua mlango, leza inazima. Hiyo ilimfurahisha kuliko yote. Akawa anafungua na kufunga kama mtoto.

Jirani akaja kuulizia pasi yake, akalikuta friji limelala katikati ya nyumba, bomba limetoka ubavuni kama mgonjwa wa wodini.

"Limepatwa na nini?"

"Nalo limeambiwa lipumzike," Mama Maua akajibu kutoka kitini kwake, na Robo Tatu akashusha pumzi. Ulimi wa mama ulikuwa bado uko hai.

Jumamosi ikawa inasogea. Alhamisi mchana kila kitu kilikuwa mahali pake, na Fundi Moshi akaitwa kuja kushuhudia. Hapo ndipo utani wa Robo Tatu ulipomponza. Badala ya kuunganisha nyaya za mwisho kwa utulivu, akashika bisibisi kama kipaza sauti, akatoa tumbo mbele, akaanza kumwiga Tajiri: "Ndugu wageni waalikwa, leo hii, kwa moyo mkunjufu kabisa..." Mkono mmoja unahutubia, mkono mwingine unaunganisha. Akaweka waya mwekundu panapostahili mweusi. Pakasikika mlio kama mtu anayebana chafya, na kamoshi kembamba kakapanda.

Fundi Moshi akakatazama kale kamoshi kwa upendo. "Sasa imeingia rasmi kwenye ukoo wangu."

Robo Tatu hakucheka. Akakagua akiwa amekunja uso. Mota nzima, mwanga wenyewe mzima. Kilichokufa ni kibao kidogo cha saketi, cha kuiamrisha leza: sasa waka, sasa zima. Akapitisha umeme pembeni yake, akafunga mlango, leza ikawaka. Ila sasa ikishawaka haizimi mpaka mlango ufunguliwe.

Akajaribu hivyo hivyo. Akatafuta picha ya ua kwenye mtandao, akaweka kipande cha ngozi nyembamba, akafunga mlango. Mota zikalia, moshi ukatoka dirishani. Alipofungua, ua lilikuwepo, lakini lilikuwa limechanwa huku na huku. Maana mashine hukata jani moja, halafu inaruka kwenda jani la pili, na inaporuka inatakiwa izime. Hii yake iliruka inawaka. Kila ilipopita iliacha jeraha.

"Kibao kingine?" Robo Tatu akauliza.

"Kipo," Fundi Moshi akasema. "Kipo ng'ambo. Ukiagiza leo, utakipata Tajiri ameshazindua mashine ya pili. Pole, dada. Ungehutubia baadaye."

Akaondoka. Robo Tatu akampa mama yake ua lile, maana kulificha kungekuwa uongo.

Mama Maua akaligeuza. "Hili limepigwa viboko. Lilikosa nini?"

"Mashine haijui kuzima, Mama. Popote inapopita inaunguza."

"Ina tabia za shangazi yako." Akamrudishia. Kisha, kwa sauti nyingine, akasema, "Umejitahidi, mwanangu. Acha tu sasa. Nipigie pasi gauni la bluu."

Ijumaa asubuhi gauni la bluu lilikuwa limenyooshwa, limening'inia dirishani kando ya bomba la moshi, na Robo Tatu hakuweza kulitazama. Yeye ndiye aliyelipiga pasi. Hasira zilimpanda mpaka akataka kitu cha kurusha, na cha karibu ilikuwa sandali kuukuu ya mama yake, iliyolala chini ya kiti. Akaiokota, akalenga friji.

Mkono ukabaki juu. Kidole gumba kilikuwa kimeangukia kwenye ua, kikaingia kwenye mkato wake, na bila kujua akaanza kuufuata. Kidole kikazunguka jani, kikapita kwenye moyo wa ua, kikapanda jani la pili, kikashuka, kikazunguka tena. Alisubiri kifike mahali mkato unapokwisha. Haukwisha. Kidole kikatokea ukingoni, pale pale kilipoanzia.

"Mama. Hapa kisu kiliingilia wapi?"

"Ukingoni."

"Kikatokea wapi?"

"Palepale. Mgeni mwenye adabu hutokea mlango alioingilia."

"Katikati hukukinyanyua?"

"Nikinyanyue niende kutafuta nini? Ukinyanyua kisu, ngozi inajikunja, ukirudi huikuti ulipoiacha. Mimi nikiingia nimeingia."

"Maua yote?"

"We uliwahi kuniona nikipumua katikati ya ua?"

Robo Tatu akaketi chini pale pale, sandali mapajani. Maua yote ya mtandaoni yalichorwa vipande vipande, chora hapa, nyanyua, chora kule. Kumbe katika nyumba hii palikuwa na mtu mmoja ambaye maisha yake yote hakuwahi kunyanyua, na mashine moja ambayo hata ikitaka haiwezi.

"Mama, nipe ua. Tulikate sasa hivi. Nalipiga picha hili hili la kwenye sandali."

"Hilo sitaki."

"Kwa nini?"

"Hayo yote yako kiwandani, wameyapiga picha mpaka macho yamewauma. Nikiyakata hapa nitaonekana nimetoka kuyaiba kwake. Siibi vitu vyangu." Akaangalia gauni dirishani. "Lete penseli."

Robo Tatu akaleta penseli na karatasi, akakaa mbali, maana alijua akikaa karibu atasaidia. Mama Maua akaiweka ncha ukingoni mwa karatasi. Mkono ukatetemeka, akaulaani, akauweka tena. Kisha akaingia. Penseli ilikwenda kama mtu anayetembea njia ya kokoto, inayumba kushoto, inayumba kulia, lakini haikusimama wala haikunyanyuka. Ilipotokea ukingoni, mama alikuwa na jasho juu ya mdomo.

Ua lilikuwepo, kubwa, la majani mapana ambayo Robo Tatu hakuwahi kuyaona kwenye sandali yoyote. Ila mstari wote ulikuwa na mawimbi madogo madogo, mtetemo kwa mtetemo, ulivyotoka mkononi.

Akaupiga picha, ukaingia kwenye kompyuta. "Usijali hayo mawimbi," akasema, "kuna kitufe hapa cha kulainisha. Nikikibonyeza, mstari unanyooka wenyewe."

"Usiniguse."

"Si wewe, ni mstari."

"Ndiye mimi huyo. Huo ndio mkono nilio nao, mwingine sina. Ukiulainisha utakuwa mkono wa nani? Kama ni mkono laini, Tajiri anao, kaulipia."

Robo Tatu akaondoa kidole kwenye kitufe.

Wakalaza kipande cha ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, wakakibana na vijiko pembeni kisijikunje, wakavaa miwani wote wawili, wakafunga mlango wa friji. Mota zikaanza. Zilikuwa na sauti ya mbu wanaofanya mazoezi ya kwaya. Ndani hakuna aliyeweza kuona kitu, lakini Mama Maua aliinamisha kichwa, akasikiliza, na kidole chake kikaanza kutembea hewani.

"Imeingia," akasema. "Hapo iko jani la kwanza. Inapanda. Hapo nilitukana, umesikia? Imepita moyoni. Sasa inashuka." Moshi ukapenya kidogo kwenye mpira wa mlango, na harufu ya ngozi ikaenea sebuleni, nzito, kali kidogo kwa kuungua. Mama akavuta pumzi, akaifungia kifuani kama mtu anayetaka kuiweka akiba. "Ipitishe tena. Ngozi hiyo nene, mara moja haitoshi."

Mashine ikapita juu ya njia yake, tena na tena, haizimi, kwa kuwa haikuwa na sababu ya kuzima. Mota ziliponyamaza Robo Tatu akafungua mlango na kushika ngozi kwa kibanio. Vipande vidogo vikadondoka vyenyewe, ua likabaki. Halikuwa na jeraha hata moja. Ukingo wa kila jani ulikuwa umekunjamana kidogo, na moto ulikuwa umeupaka rangi ya kahawia inayofifia kuelekea ndani.

"Lina mikunjo," Robo Tatu akasema, kwa tahadhari. "Ukitaka tunaweza..."

Mama Maua alikuwa amelisogeza karibu na macho. Alilitazama kwa muda mrefu, akaligeuza upande wa pili, akalitazama tena kama anamtafutia mtu kosa.

"Yale ya zamani yalikuwa yamenyooka sana," akasema hatimaye. "Ulishaona ua gani lina ukingo ulionyooka? La plastiki." Kisha akanyoosha mkono bila kumwangalia binti yake. "Gundi iko wapi? Na uzi. Utashona wewe, mimi nitakutukana."

Na ndivyo ilivyokuwa siku nzima.

Jumamosi Mama Maua akavaa gauni la bluu. Robo Tatu akamfuata nyuma. Mama alikuwa amevaa sandali mpya miguuni, hiyo ni kweli, lakini alikuwa njiani kwenda pale pale alipoitwa.

"Mama, unakwenda kusema nini?"

"Nyoosha mgongo. Unatembea kama unayedaiwa."

Kiwandani palikuwa pamepambwa. Viti vimevishwa vitambaa, utepe mwekundu umefungwa kwenye mashine, na mashine yenyewe ina mfuniko wa kioo na taa ndani, inang'aa kama meno ya bandia. Ukutani nyuma yake maua ya Mama Maua yalikuwa yamepanuliwa, makubwa kama matairi, na chini yake jina la kiwanda. Tajiri akahutubia kwa tumbo lile lile ambalo Robo Tatu alikuwa ameliiga siku ile, mpaka Robo Tatu akaona aibu kwamba alikuwa amelipunguza.

"Na sasa mama yetu," Tajiri akamalizia, "atatuambia kwa kinywa chake."

Mama Maua akapokea kipaza sauti. Mkono ukatetemeka, na spika zote zikatetemeka naye, zikitoa mlio wa mvua kwenye bati. Aliyekaa mbele akataka kumsaidia kukishika. Akamnyima.

"Nimeambiwa niseme maneno mawili matatu," akasema. "La kwanza, maua hayo ukutani nimeyakata mimi. La pili, sikumwachia mtu. Yamechukuliwa wakati nimeambiwa nipumzike, na kuchukuliwa na kuachiwa ni vitu viwili. La tatu, kazi ya maboksi siitaki. Nina kazi."

Watu wengine walicheka, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Tajiri naye akacheka, kicheko cha kufunga zipu. "Mama Maua anapenda sana utani."

"Utani ni wa binti yangu. Mimi nakata maua."

"Kwa mkono gani?" Tajiri akasema.

Pengine alikusudia kumnong'oneza. Lakini kipaza sauti kilikuwa katikati yao, na ukumbi wote ukasikia. Vicheko vikakatika. Tajiri akafungua mdomo kuokota maneno yake, ila yalikuwa yamekwisha kufika mbali.

Mama Maua akaunyanyua mkono wake wa kulia juu, wazi, ukitetemeka mbele ya kila mtu. Hakuushusha haraka.

"Kwa huu," akasema.

Kisha akainama, akavua sandali moja, akaiweka juu ya kioo cha mashine. Wageni wa mbele wakasogea. Mwanamke mmoja, mwenye duka la viatu, akaichukua, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jani, akakirudisha nyuma na kukipitisha tena.

"Hili halimo ukutani," akasema.

"Hata hilo mashine yetu italiiga," Tajiri akawahi. "Kitu cha dakika chache."

"Liige," Mama Maua akasema. "Ndiyo maana nakuachia hiyo. Sasa hiyo nimekuachia, wote mashahidi. Ukimaliza kuliiga, mimi nitakuwa nimechora jingine, na ukimaliza hilo, jingine. Utakuwa nyuma yangu maisha yako yote, kama mkia."

Akaweka kipaza sauti juu ya meza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Yule mwenye duka akamfuata mpaka mlangoni.

"Mama, unafanyia kazi wapi?"

"Nyumbani. Ulizia mtaani nyumba yenye friji lililolala. Watakucheka kwanza, halafu watakuelekeza."

Nje jua lilikuwa kali na barabara imechemka. Robo Tatu alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja, kazi ambayo inahitaji mikono zaidi ya aliyonayo. Akavua kiatu chake. "Mama, vaa hiki, utaungua."

"Chako kina soli mbovu. Nani alikufundisha kushona, hata unashona hivyo?"

"Basi tupite kivulini."

"Kwani mimi nimeiba?"

Kwenye kona ya kwanza Fundi Moshi alikuwa ametoka kibandani kwake, akawaona. "Shikamoo, Mama Maua. Kiatu kimoja kimekwenda wapi?"

"Marahaba. Nimempa Tajiri akajifunzie. Na wewe, tafuta projekta nyingine. Hii moja haitatosha."

Hakusimama kusubiri jibu. Akapita katikati ya barabara, mguu mmoja na ua, mguu mmoja na vumbi, mikono inaning'inia nje na kutetemeka itakavyo, polepole kabisa, ili hata waliokuwa ndani ya maduka wapate nafasi ya kutoka kumtazama.